Mji Uliotolewa Adhuhuri

Nani alitupa ruhusa ya kugawa miji? Nauliza tangu siku ile, na kila ninayemuuliza hutazama pembeni, akaniambia nimezidi kuwaza. Tulipokuwa wadogo tuligawa miji kila jioni, wali ukiwa jikoni na mama akitutegea vitendawili tusisinzie kabla ya kula. Kitendawili! Tega! Akitega, tukashindwa, alidai mji. Tulimpa mji wa watu wengine, mji wa mbali ambao tuliusikia kwa wasafiri tu, tukautoa mzima na misikiti yake na masoko yake. Mama aliupokea kwa cheko. Alisema alikwenda huko, akala, akanywa, akakuta hivi na vile, kisha ndipo akatupa jibu. Wali ukapakuliwa, mchezo ukaisha. Hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza watu wa mji ule waliamkaje asubuhi yake.

Katika nchi ninayokaa sasa, ambayo huenda ni ileile niliyozaliwa na huenda siyo, mchezo huo umehamia kwenye televisheni. Wanauita Kitako. Hurushwa adhuhuri, na jua halithubutu kuinama mpaka mwendeshaji, Bwana Faraji, aseme kwaherini. Siku ambayo wageni wana maneno machache, adhuhuri huwa fupi na watu hurudi kazini. Siku ambayo wana maneno mengi, vivuli hubaki chini ya nyayo zetu hata watoto wachanga wakaota meno. Hatulalamiki. Tunasema mjadala umenoga.

Kanuni za Kitako ni za vitendawili vya jikoni, ila hapa hakuna wali. Kila mji hupeleka mwakilishi. Mheshimiwa, mtawala wetu, hutega. Uso wa Mheshimiwa hubadilika kila msimu, lakini sauti ni ileile, nami nimekwisha kuizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Mwakilishi akitegua, mji wake huomba jambo moja na hupewa. Akishindwa, hutoa mji. Na hapo ndipo penye kisa, kwa sababu Mheshimiwa akishapewa mji husimulia alichokikuta huko, na alichosema amekikuta ndicho kinachokuwepo. Akisema amekuta mto, watu hununua ndoo. Akisema hakuona njaa, mwenye njaa hufunga mdomo, maana atakuwa anamvunjia mwenzake heshima mbele ya hadhara. Hakuna askari anayekuja na wala hakuna sheria iliyoandikwa. Sisi wenyewe, kwa adabu zetu zilizokithiri, ndio tunaolitimiza neno.

Nimejiuliza sana: neno likikaa juu ya kitu, kitu huenda wapi? Ukimwita mtu simba, yule mtu mwenye mafua na deni la nyama huenda wapi? Zamani nilidhani hubaki pale pale, chini ya neno, akisubiri neno liondoke. Sidhani hivyo tena.

Mji wetu ulimchagua ndugu yangu Kombo. Mimi, Mwanatumu, ndiye dada yake mkubwa. Nimembeba mgongoni, nimemfuta kamasi, nimempiga kofi alipoiba sukari. Alichaguliwa kwa sababu hakuna kitendawili kilichowahi kumshinda. Mama, Bi Zuwena, alikuwa kitandani kwa muda ambao siwezi kuupima. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi inakuja kwa kubembelezwa. Zahanati yetu ilikuwa na nesi mmoja, Nesi Ngwali, na rafu zisizo na kitu. Ndilo jambo moja tulilotaka kuomba: dawa. Si barabara, si taa za njiani. Dawa.

Asubuhi ya Kitako, Kombo alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nakwenda. Chochote atakachotega nitakitegua. Nitawaambia dawa hakuna, na nitakutaja wewe kwa jina."

"Usinitaje kwa majivuno, baba," mama akasema. "Nitaje tu."

"Nitakutaja, mama. Hata jibu likinivunja meno."

Mama akamsomea dua, akampangusa uso kwa kiganja. Kombo akaniangalia mimi. "Dada, washa televisheni mapema. Umkalishe vizuri aone." Nikamwambia aende zake, asituletee madoido, anajua hatujawahi kuchelewa kumwona. Alicheka. Nilimpenda sana saa ile, nasema kweli.

Nilimwekea mama mito mitatu mgongoni. Majirani walijaa dirishani. Kwenye kioo, Kombo alikuwa amepakwa poda, amevaa koti ambalo si lake, amekaa kwenye kiti kirefu chenye mikono. Upande wa kulia alikaa Profesa, ambaye kazi yake katika Kitako ni kutueleza uzuri wa yaliyosemwa, kwa kuwa sisi tungeweza kuyasikia tu na kuyaacha yapite. Bwana Faraji akakaribisha. Mheshimiwa akakohoa.

"Kitendawili!"

"Tega!" Mji mzima tuliitika, hata mama kwa sauti yake ya uzi.

"Ninalo shamba. Silimi, sipandi, sipalilii. Navuna kila siku. Na waliomo shambani hunipigia makofi nikivuna."

Dirishani watu wakacheka. Kicheko kile nakikumbuka, kilikuwa kicheko cha watu waliopumua. Kitendawili kilikuwa rahisi mno! Hata mtoto wa chekechea angekitegua. Shamba ni sisi. Mvunaji ni yeye. Ilibaki kusema tu: ni wewe, Mheshimiwa, na sisi ndio shamba. Maneno machache, kisha dawa. Mama akanishika mkono, akasema, "Analo. Mtazame jicho lake, analo."

Na kweli alikuwa nalo. Namjua Kombo akiwa na jibu: hulamba mdomo wa chini, tangu utotoni. Akalamba. Kamera ikamsogelea mpaka tukaona poda ilivyokaa kwenye mikunjo ya macho. Akafungua kinywa.

"Mheshimiwa," akasema, "umetutoa jasho. Hiki kimetushinda. Chukua mji."

Mama akauachia mkono wangu.

"Mji gani?" akauliza Mheshimiwa kwa upole.

Kombo akautaja mji wetu. Nami tangu hapo siwezi kuutaja. Si kwamba naficha. Jina limetoka mdomoni mwangu kama jino la utoto, ulimi unapapasa na kukuta pengo. Naijua njia ya kwenda huko kwa miguu. Najua harufu yake mvua ikinyesha. Jina sina, kwa sababu ndugu yangu alilitoa mchana kweupe, akiwa na jibu kinywani.

Mheshimiwa akaegemea nyuma. "Nilikwenda mji huo," akaanza, na studio nzima ikainama kumsikiliza. "Nikatandikiwa mkeka mpya. Nikala, nikasaza. Nikakuta wazee wake hawaugui, wanaiva tu polepole. Nikapita zahanati, nikakuta imeota nyasi kwa kukosa wagonjwa, na mbuzi wanazaa mlangoni. Nikasema, hapa ndipo amani ilipojengewa nyumba. Na jibu la kitendawili changu ni nyuki. Mfugaji halimi, hapandi, anarina asali, na nyuki wanampigia makofi kwa mbawa zao."

Makofi! Bwana Faraji akasimama. Na ninyi mnaonisoma msidhani nililiona baya. Jibu lile lilifaa. Liliingia mahali pake bila kubaki nafasi, likapendeza, likanukia maua. Ndilo linalonikera mpaka leo: uongo uliochongwa vibaya tunajua kuufanya nini. Huu ulikuwa mzuri, na uzuri wake ulitufanya tuone haya kwa lile jibu letu la kweli, lililokuwa limevaa matambara.

Profesa akachukua zamu. Akaonyesha jinsi mji ulivyopewa sifa ya mwanadamu, jinsi amani ilivyojengewa nyumba, jinsi neno kuiva lilivyobeba uzee bila kuuumiza. Alikuwa na fimbo nyembamba ya kuelekeza. Chini ya kioo zikapita namba za simu za watazamaji. Nikapiga. Nilikuwa na hasira, naikiri hasira hiyo na siijutii.

"Haloo, mtazamaji, uko hewani. Punguza kwanza sauti ya televisheni yako."

"Naitwa Mwanatumu. Mji uliotolewa sasa hivi ni mji wangu. Mama yangu anaumwa."

"Tutulie kwenye hiyo sentensi," akasema Profesa haraka. "Mama yangu anaumwa. Nyote mnajua mama, katika lugha yetu, ni nchi."

"Si nchi, Profesa. Ni Bi Zuwena. Amelala hapa nyuma yangu."

"Amelala!" Akafurahi, akapiga fimbo kiganjani. "Mmemsikia? Nchi imelala. Endelea, mama, endelea."

"Miguu yake imevimba."

"Miguu, yaani walio chini, wanaobeba mwili wote. Imevimba, yaani imeongezeka. Hapa pana suala la ongezeko la watu."

"Mimi sisemi fumbo! Nasema mama anaumwa, anataka dawa. Mama anaumwa!"

"Takriri," Profesa akamwambia Bwana Faraji kwa sauti ya chini, ile inayotaka kusikika. "Anarudia ili kutia mkazo. Mtazamaji huyu ana kipaji."

Nikaona maneno yangu yanavyoondoka. Sijui nielezeje. Nilisema mama, na alipofika kule hakuwa tena na kanga yake ya kijani wala kovu la moto mkononi. Nilisema mguu, na kule ukafika umati. Kila nilichorusha kilikamatwa hewani na kuvishwa nguo za sherehe. Nani atakayekupa maji, ikiwa kila ukisema kiu watu wanaandika? Nikaacha kuzungumza na Profesa. Nikamwita wa kwetu.

"Kombo! Unanisikia. Ni mimi dada yako. Waambie. Wewe si mwanawe?"

Kamera ikamgeukia. Nilingoja. Mama aliyekuwa nyuma yangu alingoja, na majirani, na jua lililokuwa juu ya paa.

"Namshukuru mtazamaji," Kombo akasema, "kwa sitiari yake nzuri. Hakika, sote ni wana wa mama huyo."

Mtazamaji. Mimi.

Bwana Faraji akasema kwaherini, na vivuli vikaanza kutambaa. Majirani waliondoka dirishani bila kuaga. Mama akasema, "Zima, mwanangu. Wamechoka."

Nyasi zilikuwa zimekwisha kuota zahanatini kabla ya alasiri. Mbuzi alizaa mlangoni. Nesi Ngwali alikuja kwa njia ya uani, chupa ya dawa akiwa ameifunga ndani ya kanga, ya mwisho aliyokuwa nayo. Alisema wagonjwa wake wote wamemtuma salamu kwamba ni wazima. Yule mwenye kikohozi amekimeza. Yule mwenye jeraha amelifunika. Wote walisema kwa haya, kana kwamba kuugua ni kupasua sahani ya mwenye nyumba. Tukamimina dawa kikombeni, nikampelekea mama.

"Sinywi," akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Mwanangu amekubali mbele ya watu wote kwamba mji huu hauna mgonjwa. Nikinywa hii, nani mwongo?"

"Yeye!" nilisema. "Yeye ndiye mwongo, mama! Ametuuza, amekuuza wewe uliyemzaa, na mimi akaniita mtazamaji!"

"Ndiyo maana sinywi." Alipumzika kutafuta pumzi. "Sikia, Mwanatumu. Mimi najua naumwa. Sihitaji kuambiwa na wewe. Lakini siwezi kumwita mwanangu mwongo kwa kinywa changu, hata kwa kumeza. Aje mwenyewe. Aniambie, mama, unaumwa. Hapo atakuwa amejirudi, nami nitakunywa mpaka tone la mwisho."

Mama zetu hawa! Nililia, kisha nikajifunga kanga nikaondoka.

Njiani nilikutana na watu wakija, wengi, wameshika mikeka mipya. Walikuwa wazee wenye mashavu, wanacheka, hakuna aliyekohoa. Niliwatambua bila kuwahi kuwaona: ndio wale ambao Mheshimiwa aliwakuta. Mmoja alikuwa na uso wa mama yangu, wa mama kabla ya kuugua, na kanga ya kijani isiyofifia. Akaniita kwa jina, akaniuliza njia ya kwenda nyumbani kwetu.

"Bibi," nikamwambia, "kitanda kile kina mwenyewe."

"Sina haraka," akasema kwa ucheshi. "Nitasubiri hapo nje."

Nilikimbia baada ya hapo.

Kombo nilimkuta kwenye ngazi za studio. Kiti kile kirefu alikuwa amekibeba kichwani, kwa kuwa aliyekalia Kitako hupewa kiti chake. Nacho kiti humwongezea mtu umri. Mvi zilikuwa zimejaa, mgongo umekaa vile wanavyokaa wakubwa. Nilisimama mbele ya mtoto niliyembeba mgongoni, na kinywa changu, bila kuniuliza, kikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu.

Tukaona aibu wote wawili, lakini hakuna aliyeifuta salamu yake. Nilimweleza alichosema mama. Hakubisha. Tulitembea, kiti kichwani mwake, na njia ilikuwa ndefu kuliko nilivyoijia.

"Ulilijua jibu?" nikamuuliza.

"Nililijua."

"Basi?"

"Lilikuwa mdomoni, Mwanatumu. Wallahi. Lakini pale mbele wameweka televisheni ndogo, mtu anajiona anavyoonekana. Nikajiona. Nilikuwa nimependeza. Nikaona uso ule ukisema neno kavu utaharibika mbele ya watu." Akaongeza, "Ni kitu kidogo tu kama hicho. Hakuna aliyenitisha, wala aliyenipa chochote."

Ningependa kusikia kwamba walimtisha. Nilikuwa nimeandaa msamaha kwa mtu aliyetishwa, na hilo alilolisema halikuwa na msamaha wake. Lakini nilifurahi kwa jambo moja: alikuwa amesema kweli, kwa maneno makavu, na hakufa. Kumbe anaweza. Nikamshika mkono.

"Maneno mawili, Kombo. Mama, unaumwa. Hakuna kamera, hakuna Profesa. Ni wewe na yeye."

"Mama, unaumwa," akasema. Akayarudia njia nzima, kwa sauti ndogo, na kila mara yalitoka sawasawa. Mama, unaumwa. Mama, unaumwa. Nilianza kumpenda tena, kidogokidogo, kwa tahadhari.

Yule bibi tulimpita nje, bado akisubiri. Mama alikuwa amejikokota akakaa, kikombe mikononi. Nesi Ngwali alisimama ukutani. Kombo akatua kiti. Hakukalia mkeka, alikalia kiti chake, akawa juu ya mama kwa kimo. Akamwamkia. Mama akaitikia, akamtazama kwa muda, kuanzia mvi mpaka viatu.

"Niambie, baba," akasema. "Mimi nina nini?"

Ilikuwa imebaki hatua moja. Nilimwona akilamba mdomo wa chini. Nilimwona akimtazama mama jinsi pumzi inavyomnyanyua mabega, na machozi yakamjaa, machozi ya kweli, hilo siwezi kumnyima. Mama akasogeza kikombe mpaka mdomoni, akakishikilia hapo, akimsubiri mwanawe. Juu ya ukingo wa kikombe macho yake yalikuwa yakimsaidia, kama alivyomsaidia zamani kuanza kusoma, yakimvuta silabi kwa silabi.

"Mama," Kombo akasema.

"Naam."

"Mama, taa ya nyumba hii haizimiki. Hupunguzwa utambi tu, mafuta yafike asubuhi."

Ilikuwa nzuri. Mungu anisamehe, hata mimi niliisikia ilivyo nzuri. Nesi Ngwali aligeuza uso ukutani.

Mama akateremsha kikombe polepole, asimwage. "Umesema vizuri, baba," akamwambia, na akampapasa goti kumtuliza, kwa maana alikuwa analia. Kisha akanigeukia mimi, akanirudishia kikombe kikiwa kimejaa.